Bi Mwanaheri Khamisi, Msomaji wa Migongo ya Sahani

Marehemu Bi Mwanaheri Khamisi alizaliwa Ujiji tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Khamisi Gharibu na Bi Kudra Salumu. Angali mdogo, wazazi wake walihamia Kasulu, ambako baba yake alifungua duka la vyombo karibu na soko. Alisoma madrasa na shule ya msingi hapa hapa mjini, akamaliza darasa la saba mwaka 1971.

Hakuendelea na masomo kwa kuwa baba alimhitaji dukani. Miaka ile Waingereza waliokuwa wamebaki huku milimani walikuwa wakirudi kwao, na vyombo vyao vikiuzwa uani. Mzee Khamisi alivinunua, naye Mwanaheri akajifunza kuvitambua. Aliigeuza sahani akasoma muhuri wa kiwanda mgongoni. Aliigonga kwa ukucha, kwa maana nzima hulia kama kengele na yenye ufa hutoa sauti butu. Kikombe cha kaure alikiinua juani aone kivuli cha vidole vyake upande wa pili. Alitafuta mahali maua ya bluu yalipoungana vibaya, kwani zamani maua yalihamishiwa kwenye sahani kutoka kwenye karatasi, na pale kingo za karatasi zilipokutana palikuwa ishara ya chombo cha kale. Wanunuzi wa vitu vya kale kutoka Arusha na Dar es Salaam walipofika Kasulu, yeye ndiye aliyewaambia kipi cha zamani kweli na kina thamani gani.

Tabia hiyo haikumwacha hata ugenini. Katika harusi moja Kibondo aliinua sahani ya pilau juu ya kichwa ili asome chini yake, wali ukamwagikia kanzu ya shehe. "Ya Kichina hii," akasema. "Endeleeni kula."

Mwaka 1978 aliolewa na Bwana Abbasi Nurudini, mfanyabiashara wa Kibondo, wakajaliwa watoto wawili, Firdausi na Salumu. Bwana Abbasi alifariki mwaka 2003, na marehemu akarudi Kasulu na watoto wake.

Kipo chombo kimoja ambacho hakukiuza kamwe: bakuli kubwa la supu lenye kifuniko, la maua ya bluu, lililotengenezwa Uingereza zaidi ya miaka mia iliyopita. Kishikio chake kimoja kilikuwa kimevunjika, naye akakiunga kwa gundi na kukipaka rangi mwenyewe. Mwaka 2011 Salumu alitaka liuzwe ili anunue pikipiki.

"Mama, hii bakuli inatusaidia nini humu ndani?"

"Halina mwenzake mkoa huu. Liache."

Marehemu alipokwenda msibani Kibondo, Salumu alilichukua akavuka mpaka wa Manyovu kwenda Burundi. Hakurudi. Ndugu walimtafuta, polisi walipewa taarifa, simu yake haikupatikana tena.

Tangu hapo Bi Mwanaheri alikwenda Manyovu kila siku ya soko. Alikaa karibu na wabadilisha fedha, akikagua vyombo vya watu bila malipo. "Usinipe kitu," aliwaambia. "Niambie tu umekitoa kwa nani." Wapo waliomcheka.

Mwaka 2018 mchuuzi wa Burundi, Bi Ndayikeza, alifungua kitenge mbele yake. Ndani mlikuwa na bakuli lile. Marehemu alipitisha kidole kwenye kishikio, akaikuta gundi yake. Hakulia. Aliuliza, "Mwenye hili yuko wapi?"

"Alikufa, mama. Kijana wa Tanzania. Alipanga kwa jirani yangu, malaria ikamkamata kabla hajauza. Alikuwa anasema nyina atakuja, nyina atakuja. Mwenye nyumba alimuuguza, kisha akaliweka, akamngoja huyo mama. Sasa naye anaumwa, kanipa nimuulizie huyo mama huku."

Salumu alifariki hata mwezi haujaisha tangu aondoke. Miaka saba mama yake alikuwa akimtafuta mtu aliyekwishazikwa.

Alivuka na Firdausi. Kaburi lilikuwa pembeni mwa shamba la mihogo, halina alama. Walisoma dua, na bakuli akamwachia yule mwenye nyumba. Firdausi alimkumbusha thamani yake.

"Amemuuguza mwanangu mpaka mwisho," marehemu alijibu. "Nimpe nini, sabuni?"

Hakukagua chombo tena. Wanunuzi walipobisha hodi aliwaambia haoni, ingawa wakati huo alikuwa bado anaona. Miaka yake ya mwisho haikuwa ya furaha, wala hatutasema ilikuwa. Kisukari kilimzidi mwaka 2020. Mwaka 2022 alikatwa mguu wa kushoto, na macho yakapotea kweli. Alifariki hospitalini Kigoma, Jumanne tarehe 14 Januari 2025, Firdausi akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti mmoja, Firdausi, wajukuu watatu, na mdogo wake, Bwana Gharibu Khamisi. Bi Ndayikeza amefika jana kutoka ng'ambo, ameketi na wafiwa, nasi tunamhesabu ndugu.

Mwenyezi Mungu amsamehe mama yetu, ampanulie kaburi lake, amkutanishe na mwanawe. Sasa apumzike.