Breki Anaachia Machela

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu tunayemwita Breki ataacha rasmi kazi ya kusukuma machela katika hospitali hii. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi mitatu, na siku kadhaa ambazo yeye na ofisi ya utumishi bado wanabishania. Ofisi inasema ni kumi na moja. Yeye anasema kumi na mbili, kwa sababu siku ya kwanza alifika, akafanya kazi, akala chakula cha mchana cha watu, na faili lake likafunguliwa kesho yake.

Ofisi ilitafuta mtu wa kuandika habari zake. Wenye vyeti wakasema wana kazi nyingi. Ndipo ikakumbukwa kwamba huku kwenye chumba cha kufulia yupo mzee aliyekaa na Breki miaka ishirini na tisa, mwenye kalamu yake mwenyewe na darasa la sita la zamani. Nimeagizwa niandike kwa heshima. Nitajitahidi, kwa kadiri mhusika alivyoniachia nafasi.

Alikuja hapa kama kibarua wa kufyeka majani. Wiki ya tatu, msukuma machela wa wakati huo akateguka kiuno. Muuguzi mkuu akachungulia dirishani, akaona mtu mwenye mabega, akamwita. Akakabidhiwa machela ya magurudumu manne, matatu yakitii na la nne likiwa na mawazo yake. Akaambiwa ashike kwa siku mbili tu, mwenyewe akipona atarudi. Mwenyewe alipona, akaenda kufungua duka. Siku mbili hizo ndizo zinazoisha Ijumaa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, kutoka mlango wa wodi ya wanawake hadi mlango wa chumba cha upasuaji ni hatua themanini na sita. Katika hatua hizo mgonjwa amelala chali anahesabu taa za darini, na ndugu mmoja anatembea pembeni ameshika ncha ya shuka kana kwamba mgonjwa atapeperuka. Daktari hayupo, muuguzi hayupo. Yupo Breki tu, anayepumua kama fahali. Watu humwambia mambo ambayo hawakumwambia daktari, kwa kuwa daktari huuliza akiwa na kalamu mkononi, na mtu akiona kalamu hurekebisha maneno yake.

Jina la Breki lilitokana na hilo. Mgonjwa wa kupasuliwa hatakiwi kula tangu usiku wa manane. Akilazwa usingizi wa dawa na tumbo lina kitu, kile kitu hupanda, hukosea njia, huingia mapafuni, na mtu hufa kwa kifungua kinywa chake mwenyewe. Wauguzi walikuwa wakiuliza, "Umekula?" Wote walijibu hawajala. Mfanyabiashara mmoja alijibu hivyo huku maganda ya mayai mawili yakiwa chini ya mto. Alipobanwa alisema kuonja si kula. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amekunywa chai ya maziwa, akataka kufafanua tofauti ya kula na kunywa. Basi Breki akaliacha swali la wauguzi, akatunga lake. Akifika kwenye dirisha la katikati ya korido huinama na kuuliza polepole, "Kitu gani cha mwisho kimepita kooni mwako, na kilipita saa ngapi?" Jibu lisipompendeza, anakanyaga breki, machela inasimama, na hata mganga mkuu akija na miwani yake haiondoki.

Daktari wetu wa usingizi, mama mkavu asiyesifia mtu bure, ameandika kwenye daftari lake kwamba Breki amesimamisha machela mara hamsini na tatu kwa sababu za kweli. Mara za uongo ni mbili. Moja kati ya hizo mgonjwa alikuwa bubu.

Mambo mengine ya Breki mnayajua. Huimba besi katika kwaya ya kanisa lao, na kanisa lingali limesimama. Hajawahi kumwambia mgonjwa asiogope. Humwambia hata yeye angeogopa, kisha husukuma. Akishamwingiza mgonjwa hurudi kwenye benchi wanapongoja ndugu, akawaambia jambo moja tu: "Ameingia akiwa anaongea." Hajui zaidi ya hapo, hasemi zaidi ya hapo. Nimewaona watu wazima wakiyashika maneno hayo matatu kutwa nzima kama mtoto anavyoshika peremende.

Sasa nifike kwenye siku ambayo hotuba za Ijumaa zitaiita mafanikio ya idara. Nilikuwepo, na nitaieleza jinsi ilivyokuwa.

Ni miaka minane iliyopita. Kulikuwa na mke wa seremala, mwenye uvimbe tumboni uliokuwa umeshamfanya abebe mimba isiyozaa kwa mwaka mzima. Uvimbe ule ulihitaji daktari bingwa, na bingwa hufika hapa mara moja kwa mwezi, siku moja, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ikifika saa tisa anavua glavu, dereva anawasha gari. Daktari wetu alishamwambia seremala waziwazi kwamba mwezi huu unawezekana, mwezi ujao hajui.

Seremala aliuza mashine yake ya randa ili mkewe alazwe. Aliyeinunua ni jirani yake wa karakana, kwa hiyo kila akipata kazi ya mlango au kabati alikwenda kuikodi mashine yake mwenyewe kwa siku. Alinisimulia hivyo huku akicheka, akasema, "Mzee wangu, imenizoea. Hata kwa yule bwana inanisalimia mimi kwanza." Vitu vya ndani vilishakwenda, kiti kimojakimoja. Walichobaki nacho ni cherehani ya mama na kanisa.

Kanisa halikuwatupa. Alfajiri ya siku ya upasuaji, saa kumi na moja na nusu, mzee wa kanisa alipita wodini na Meza ya Bwana kwa wagonjwa. Mke wa seremala alikuwa wa mwisho katika mzunguko wake. Sasa, mimi na kanisa tunasalimiana kwa mbali, lakini hili nimefundishwa: kwao mkate uliokwisha kubarikiwa haubakizwi wala hautupwi, unamalizwa palepale. Mzee alikuwa amebakiwa na kipande kikubwa, karibu robo ya mkate. Meno yake ni matano. Mama naye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake mchana. Wakasaidiana kuumaliza kwa unyenyekevu, yeye zaidi.

Muuguzi alipopita saa moja na kuuliza kama amekula, mama alijibu hajala. Na hakusema uongo. Katika akili yake ile ilikuwa sala. Ingekuwa maajabu kumwambia muuguzi kwamba amekula sala.

Alikuwa wa pili kwenye orodha ya watano. Breki akamchukua mapema, mumewe pembeni ameshika shuka. Kwenye dirisha akainama na swali lake. Mama akafikiri, kisha akasema kwa furaha ya mtu mwenye dhamiri safi kwamba kilichopita mwisho ni mwili wa Bwana, alfajiri. Breki akauliza kiasi gani. Mama akaonyesha kwa kiganja.

Machela ikasimama. Daktari wa usingizi akaitwa. Akasikiliza, akatazama saa, akasema kabla ya saa saba mchana hamgusi. Hiyo ilikuwa na maana kwamba mama anatoka namba mbili, anakuwa wa mwisho. Na wakati ule kila mfanyakazi alijua wa mwisho ni nani. Wa mwisho ni yule anayerudishwa wodini saa tisa ikigonga. Seremala naye alikuwa amekaa benchi zile siku tatu, alishawaona wa mwisho wakirudi. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani.

Mzee wa kanisa aliposikia alikuja juu. Akamuuliza Breki, muumini mwenzake, tangu lini mwili wa Bwana ukamdhuru mtu. Breki alimjibu, "Baba, Bwana hana neno. Mkate ndio haujui njia." Mzee akaenda kukaa sakafuni karibu na seremala. Ni mzee kweli yule, kuinuka kwake kulihitaji watu wawili.

Breki hakukaa. Alikuja mbio huku kufulia, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata siku ya mshahara. Akasema shida si bingwa, wala si wagonjwa. Kisu kinamaliza kwa dakika hamsini, halafu dakika arobaini zinapotea bure: kengele igongwe, yeye aende wodini, mgonjwa avuliwe, mashuka yatafutwe, sakafu ipigwe deki, mtu wa deki naye atafutwe. Wagonjwa wanne mara dakika arobaini, hesabu hata mimi niliiweza. Akataka mashuka ya kila mgonjwa yafungwe furushi moja na yawekwe mlangoni kabla hajaitwa mtu. Nikamwambia utaratibu hauruhusu. Akasema, "Mzee, utaratibu hauna uvimbe."

Nikafunga mafurushi matano. Breki akaacha kungoja kengele. Mmoja alipokuwa bado ndani, wa pili alishavuliwa na yuko mlangoni. Mama wa deki alisimama nje na ndoo yake imejaa, kama askari wa lindo. Nami, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wangu, nilitembea haraka. Dakika arobaini zikawa kumi na tano. Bingwa alitoka mara moja kunyoosha mgongo, akakuta mgonjwa anayefuata anamtazama, akarudi ndani.

Saa saba na dakika ishirini wanne walikuwa wamekwisha. Breki akamleta mke wa seremala, akauliza swali lake tena kwenye dirisha lilelile, safari hii mama akajibu kwa kifupi: mate. Saa tisa kasoro dakika kumi bingwa alivua glavu. Uvimbe ulikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto, na walipoupima haukuwa ule mbaya. Siku ya tisa alirudi kwake kwa miguu yake. Yu hai hadi leo, ana cherehani yake, na hugombana nami kuhusu bei ya kupunguza suruali. Seremala ilimchukua miaka miwili na nusu kuirudisha ile randa. Mzee wa kanisa siku hizi humpitia muuguzi kwanza kabla ya kufungua kikapu, na mgonjwa wa upasuaji hushiriki jioni, akishaamka.

Mafurushi yamebaki. Sasa yanaitwa mpango wa kuboresha huduma, na mkurugenzi wa wakati ule alipewa cheti kwa ajili yake kwenye semina. Breki alipewa gambuti. Hazikumtosha.

Lipo moja ambalo halimo kwenye faili lake, na nimemuuliza kama niliweke. Alisema niliweke, kwa ajili ya atakayeishika machela baada yake.

Siku ile, jioni, alikuja akaketi juu ya magunia ya nguo chafu, akaniambia kwamba hakusimama pale dirishani. Mama alipokwisha kuonyesha kiganja, Breki alielewa kila kitu, na seremala alielewa kuwa Breki ameelewa. Randa aliijua. Saa tisa aliijua. Aliwaza kwamba huenda mkate ule umeshashuka, na kwamba Mungu hangemwadhibu mtu kwa meza yake mwenyewe. Akasukuma. Alisukuma hatua kumi, akizihesabu. Ndipo seremala, bila kumtazama usoni, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Breki kwenye chuma cha machela na kusema chinichini, "Asante, kaka."

Anasema hata bingwa angemkaripia angeendelea. Hata mama angelia angeendelea. Ila kushukuriwa kwa lile alilokuwa anakwenda kulifanya, hapo mguu ulikanyaga breki wenyewe. Tangu siku ile, anasema, kila anapoifikia ile dirisha la katikati, yeye huogopa zaidi wanaomshukuru mapema.

Basi shukrani yetu imesubiri miaka thelathini na minne, isije mapema. Breki, kwa niaba ya wodi zote, chumba cha upasuaji, mama wa deki na sisi wa mashuka, asante. Mgonjwa ameshafika, huna ulichoficha, unaweza kuipokea. Tunakuombea afya, usingizi wa kawaida usio wa dawa, na kifungua kinywa cha nguvu kila asubuhi, saa yoyote utakayo, bila kuulizwa na mtu.