Mama Duara na Mashuka ya Darini

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Duara anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja hospitalini kwetu, nusu ya kwanza akiwa muuguzi wa wodi ya wanaume, nusu ya pili akiwa mkuu wa chumba cha kufulia. Jina lake halisi liko kwenye cheti atakachopewa. Sisi tumezoea hili, maana ukimpelekea tatizo lolote, huchukua kalamu akachora duara lenye mishale kabla hujamaliza kulalamika.

Alipohamia kufulia, mashuka yalikuwa vita. Kila wodi ililia haina, na kila mzigo mpya ulioletwa ulitoweka tusijue ulikopitia. Mama Duara naye alianza kwa ukali. Aliutia mlango wa stoo kufuli kubwa, akatangaza kuna mwizi, akawa anamkodolea macho kila mwenye begi. Mashuka yakazidi kupungua.

Kisha akakumbuka jambo: alipoondoka wodini, aliacha lundo la mashuka darini, akiba yake ya siku mbaya. Kama yeye na heshima zake zote alificha, wengine je? Hapo ndipo duara la kwanza lilipochorwa, ukutani juu ya mashine: wanaficha kwa sababu hayatoshi, na hayatoshi kwa sababu wanaficha. Mwizi hakuwapo. Tulikuwa waoga tu, na kufuli lilituzidishia woga.

Akaleta ngazi, akateremsha lundo lake mchana kweupe mbele ya wagonjwa, akaling'oa kufuli. Tangu hapo toroli la mashuka likawa linapita kila wodi asubuhi, liombwe lisiombwe. Mvua ikigoma kuacha nguo zikauke, lilipita na machache, lakini lilipita. Taratibu watu wakaanza "kuokota" mashuka. Wodi ya wazazi iliyakuta kwenye sanduku la mapambo. Maabara, ambayo haina hata kitanda kimoja, ilirudisha mzigo wa kumtosha punda. Hakuna aliyeulizwa kitu, na dari la wodi ya wanaume likaacha kubonyea.

Mumewe, fundi seremala, anasema nyumbani ni yale yale. Mjukuu akigoma kula usiku, bibi huchora duara kumtafuta aliyempa biskuti jioni, na mshale humrudia bibi mwenyewe.

Kustaafu kwake nusura kutuponze. Tangazo lilipobandikwa tu, mashuka yakaanza kuyeyuka tena. Iliuma, na yeye hakuficha kwamba imemuuma, kwani kazi ya miaka yote ile ilikuwa inapanda tena darini. Akatuita, akasema, "Mkinitegemea mimi, mtaficha. Litegemeeni toroli."

Jumatatu akabaki nyumbani makusudi. Toroli likapita, likisukumwa na msaidizi wake aliyelowa jasho la wasiwasi. Jumanne likapita tena. Kufikia jana mashuka yalikuwa yamerudi, na ndiyo yaliyofunika meza zilizo mbele yenu. Ukiona vumbi la dari, nyamaza.

Asante, Mama, kwa kutuzoesha kuuliza "kwa nini" kabla ya "nani". Tutakukosa sana. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na zamu, na wajukuu wanaokula chakula chao. Zawadi yako ni shuka jipya, kila wodi imelitarizi kona yake. Usilitafute mezani. Ngazi tumeiegemeza wodi ya wanaume, na pa kutazama unapajua.