Shangazi Kijivu Ametuachia Macho

Basi, kama tulivyobishana juzi wakati wa chai, jibu ni miaka thelathini na mmoja ya kazi, wala si thelathini. Shangazi Kijivu, msahihishaji mkuu wa rangi katika studio yetu ya picha, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe tano. Nimeombwa nimwandikie maneno haya kwenye jarida letu kwa sababu, wanasema, siku hizi mimi ndiye mwenye furaha kuliko wote. Hawajakosea. Nimeolewa majuzi tu, na kila nikishika kalamu mkono wenyewe unataka kuandika jina la mume wangu.

Shangazi alianzia chumba cha giza, enzi za kuosha picha kwa dawa. Kompyuta zilipoingia, wenzake kadhaa walisema hawaziwezi. Yeye alivuta kiti, akakaa, na hakuinuka mpaka alipoziweza.

Jina la Kijivu lilitokana na ukuta. Bosi alitaka chumba cha kompyuta kipendeze, akakipaka kijani cha kuwaka. Tangu hapo nyuso za maharusi zikaanza kutoka na ukijani, kama watu waliotapika njiani. Tukalaumu printa, printa ikabadilishwa, mambo yakawa yale yale. Ni Shangazi aliyegundua kwamba macho yetu yalikuwa yamezoea ule ukuta, kwa hiyo kila aliyetazama skrini alidhani picha imepungukiwa kijani, akaiongezea. Jumapili akaja na mumewe, ndoo na brashi, wakapaka chumba chote kijivu. Bosi alipoingia Jumatatu aliuliza kama kuna msiba. Shangazi akamjibu kwamba msiba ndio umeisha.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kamera. Tunazo tatu za aina tofauti, na kila moja inaona kivyake. Ukifungua picha ghafi, ile ambayo kamera haijaipika, ngozi ya mtu yule yule inakuwa nyekundu kwa hii, njano kwa ile, na kwa ya tatu majivu matupu. Miaka yote Shangazi alizilinganisha kwa jicho lake, moja baada ya nyingine. Alipotangaza kustaafu, wateja wa zamani walianza kumuuliza bosi kwa sauti ya chini nani atawaangalia sasa. Bosi akamsihi Shangazi aongeze mwaka. Shangazi akakataa katakata: mumewe amemsubiri vya kutosha. Hapo nilimpenda zaidi, maana mimi hata kumsubiri wangu mpaka jioni naona ni adhabu. Lakini aliapa kwamba hataondoka na studio nzima ndani ya jicho lake.

Ndipo akaanza kutengeneza profaili. Alipiga picha kadi yenye viraka vya rangi kwa kila kamera, ili kompyuta ijue kamera ipi inakosea wapi na kuisahihisha yenyewe. Kisha akatukataza kugusa mstari wa toni kabla ya profaili. Mstari huo, unaopindwa ili giza likolee na mwanga ung'ae, ulikuwa ndio ugonjwa wetu. Kila fundi aliupinda apendavyo, ngozi ikaiva kama tofali, ndipo akaanza kuhangaika na rangi. Shangazi akatuwekea mstari mmoja mpole, wa kutumika mwisho na kwa picha zote. Aliyebisha aliambiwa arudie. Aliyerudia vibaya alirudia tena.

Mtihani ukawa harusi yangu. Mafundi wawili wangesafisha picha zangu, Shangazi asiguse kitu. Niliogopa, sitaficha, maana siku ile haitapigwa picha mara ya pili.

Za bustanini zilitoka safi. Za ukumbini zikatuumbua. Mume wangu, mweusi wa kung'aa, mzuri kupita maelezo, alikuwa chungwa katika picha moja na majivu katika iliyofuata. Wote tukamgeukia Shangazi. Alikuwa amekalia mikono yake.

"Shangazi, gusa kidogo tu tumalize," fundi mkubwa akamwambia.

"Nikigusa leo, Jumatatu mtamwita nani?"

Fundi mkubwa akarudi kwenye skrini. Kisha fundi wa pili akasema polepole kwamba profaili zetu zilitengenezwa juani, na taa za ukumbi ni mwanga mwingine kabisa. Hapo nikakumbuka: kabla wageni hawajaketi ukumbini, Shangazi alimshikisha bwana harusi ile kadi kifuani, wapiga picha wote watatu wakampiga picha. Nilinung'unika sana kwamba ananifanyia mume wangu kama mahabusu. Mafundi wakazitafuta picha hizo, wakatengeneza profaili za ukumbini, wakaweka mstari ule ule. Mume wangu akarudi, yeye yule katika kila picha. Nililia, nao wakanicheka.

Shangazi akasogea, akaanza kukisia picha ipi ni ya kamera ipi. Akakosa. Akakisia tena, akakosa. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kukosa.

Asante, Shangazi, kwa kutoridhika ila na kilicho sawa kabisa. Upate afya, asubuhi zisizo na haraka, na mumeo karibu nawe. Albamu inashonwa sasa. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na mume wangu tutabisha hodi kwako tukiwa nayo mkononi. Hatutakuja kukuuliza chochote, tutakuja kukuonyesha.