Mkaguzi wa Picha: Maisha ya Julius Mutie Nzivo, 1957–2026

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa hapa Njiru, jamaa mliotoka Mwala, na ninyi mabwana wawili mlioketi safu ya nyuma ambao hakuna aliyewatambulisha, nawasalimu nyote. Mimi ni Mativo, ndugu mdogo wa mjane, kwa hivyo marehemu alikuwa shemeji yangu, na familia imenituma niwasomee alivyoishi. Nitasoma kama ilivyoandikwa, kwa sababu kila neno dada yangu Kamene amelipitia kwanza na kalamu mkononi, na pale alipofuta sikuruhusiwa kurudisha.

Julius Mutie Nzivo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, Pumwani, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nzivo, mchongaji wa vinyago aliyetembeza kazi yake mjini kwa miguu, na marehemu Mama Kavindu. Alisomea shule ya msingi Shauri Moyo, akaenda sekondari huko Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1975, kisha akarudi Nairobi na kupata kazi katika studio moja ya picha River Road, ambako alijifunza kusafisha filamu katika chumba cha giza, na kuondoa chunusi usoni mwa bibi harusi kwa brashi nyembamba mpaka bibi harusi mwenyewe akawa hajitambui.

Mwaka wa 1981 aliajiriwa, akiwa raia, katika ofisi ya habari ya jeshi, na hapo ndipo sisi wengine tulipoanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Alitoka asubuhi na tai, akarudi jioni na tai, na ukimuuliza kazi yake ni gani alikujibu kwamba anaangalia picha. Sasa mimi nikajiuliza, serikali gani hii inayomlipa mtu mzima mshahara, likizo na matibabu, kwa kuangalia picha? Kwanza nilisema ni mpelelezi, baadaye nikasema ana mke mwingine, na Jumamosi moja nilimfuata mpaka Kware, nikamkuta ameketi kwa fundi wa viatu akingoja soli. Hilo halikunituliza hata kidogo, kwa sababu Umoja alikoishi kulikuwa na mafundi tele.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na dada yangu Kamene katika kanisa moja la Makadara, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nzivo, aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu, na Kavindu, ambaye yuko hapa pamoja na binti yake Tiffany. Mwaka wa 2008 walihama kutoka Umoja wakaja kukaa hapa Njiru, katika nyumba hii mnayoiona, ambayo hamtaipata katika picha yoyote ya familia. Mmeona wenyewe kwenye programu ya leo, picha zote zimepigwa mbele ya pazia moja la kijani. Siku Kavindu alipohitimu chuo, baba yake alimsogeza na joho lake hatua kwa hatua mpaka nyuma yake kukabaki ukuta mtupu, mpiga picha akakasirika, na sisi tukaona aibu. Hata juzi juzi Tiffany alipotaka kuweka mtandaoni picha ya geti jipya, babu yake alimwambia aifute, mtoto akamuuliza, "Babu, si hii keja ni nyumba tu ya kawaida, nani atakuja kutubomu Njiru?" Akaifuta lakini.

Kazi yenyewe alitueleza alipokwisha kustaafu mwaka wa 2017, naye alieleza kwa ufupi. Picha ilikuja kutoka kwa wanajeshi walioko kazini, labda kamanda anapeana mkono na mgeni, na kabla haijapelekwa kwa magazeti ilipita mezani kwake. Huyo kamanda hakumshughulisha. Yeye aliangalia kilichoko nyuma ya kamanda, yaani mlima, tangi la maji, namba ya gari, kivuli kinachoonyesha ni saa ngapi na jua liko upande gani, hata pakiti ya maziwa iliyosahauliwa mezani, ambayo inataja mji iliponunuliwa. Chochote ambacho kingemwonyesha adui mahali vijana wanapolala, alikikata au alikififisha, na taarifa za maandishi alizifanya vivyo hivyo, kijiji chenye jina kikaitwa eneo la operesheni. Mimi sikumwamini moja kwa moja, maana mtu aliyefuta vitu miaka thelathini na sita, hata maelezo yake unayasikiliza ukijiuliza amefuta nini.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwanawe Nzivo alijiunga na jeshi mwaka wa 2007, kwa hiari yake, akapanda cheo akawa koplo, na tarehe 23 Agosti 2014, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, aliuawa pamoja na wenzake wawili nje ya nchi, gari lao liliposhambuliwa. Baba yake alifika hapa nyumbani na maafisa wawili na padre wa jeshi, na Kamene alipoona padre anavua kofia mlangoni alijua. Siku chache baadaye, picha ya lile gari lililoungua ilipaswa kutolewa kwa umma, na mkubwa wake wa kazi alimwambia aende nyumbani, picha hiyo iangaliwe na mtu mwingine. Alikataa. Aliketi mezani kwake, nyuma ya gari alilofia mwanawe kulikuwa na mlima, akauondoa kwa mkono wake mwenyewe, na picha ikatoka magazetini ikiwa na gari na moshi, na nyuma yake weupe mtupu.

Ninyi nyote mnajua desturi yetu, mtu akisomewa historia yake hutajwa alipozaliwa na alipofia. Nzivo nilimsomea mimi, na nilipofika mwisho nikasoma kwamba alifariki akiwa kazini, kama tulivyoandikiwa, nikaona mama yake ameinua kichwa anangoja niendelee, nami sikuwa na la kuendelea. Tangu siku hiyo dada yangu alitaka kitu kimoja tu duniani, ajue mtoto wake alifia wapi. Picha ile ya gazeti aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni mkabala na kiti cha mumewe, na kila baada ya muda alimuuliza, "Baba Nzivo, hapa nyuma palikuwa na nini?" Naye alijibu neno moja, miaka kumi na mmoja neno lile lile, "Siruhusiwi."

Neno hilo lilivunja nyumba bila mtu kuondoka. Kamene alihamia chumba cha Nzivo, akapika na kufua na kwenda kanisani na mumewe, lakini walikaa hapa kama wapangaji wawili. Mama Waruguru, jirani yetu huyu, alijaribu kuwasuluhisha akashindwa. Mimi sikujaribu, kwa kuwa nilishajenga hoja yangu, na nilimwambia dada waziwazi kwamba siruhusiwi ni neno la mtu anayelinda wakubwa, kwamba pengine vijana walipelekwa barabara mbovu kwa uzembe wa mtu, na huyo mtu anastarehe. Sikuwa na ushahidi wowote, na mpaka leo sina, ila mashaka nilikuwa nayo ya kutosha watu wawili, nikamgawia.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka wa 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi wa Januari mwaka huu akalazwa. Tarehe 9 Februari, saa ya mchana ya kuwaona wagonjwa, tulikuwa kitandani kwake mimi na Kamene, akaniomba nitoke. Nilitoka nikasimama nyuma ya pazia, muuguzi akaniona, akanifukuza mpaka kwenye korido. Dada alipotoka aliketi kwenye benchi, akashika mkono wangu kwa nguvu, akasema, "Amenitajia." Alilia, na mimi nilifurahi, naomba mniwie radhi, nilifurahi kwa sababu nilijua sasa tumeshinda. Siku mbili baadaye, tarehe 11 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, Julius Mutie alitutoka.

Kesho yake walikuja watu wawili kutoka ofisi yake ya zamani kutupa pole, wakauliza kwa adabu nyingi kama wangeweza kuiona historia kabla haijachapishwa. Mimi nilisema haiwezekani, Kamene akasema waletewe viti. Walisoma, wakanywa chai, wakarudisha karatasi bila alama hata moja, na mtu anayesoma karatasi yako bila kuitia alama ndiye wa kuogopwa. Lakini mimi pia nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeacha nafasi mwishoni, ya mahali alipofia Nzivo, na walipokwisha kuondoka nilimpa dada karatasi ajaze, ili leo jina hilo nilitaje kwenye vipaza sauti hivi, lisikike mpaka Kangundo Road.

Alinirudishia karatasi, nikaona alichoandika, nikamuuliza ni nani amemtisha.

"Hakuna aliyenitisha, Mativo," akaniambia. "Pale bado ni kambi. Wapo watoto wa wenzangu wanalala pale leo."

Nilimwambia basi tusiseme hata kwamba aliambiwa, maana marehemu alikula kiapo cha kutunza siri za kazi. Akasema nisome, watu wajue mumewe alimwambia, na kama ni kosa waje wamuulize yeye, nyumba wanaijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hata yule wa pazia, majirani wakiongozwa na Mzee Gichuru na Mama Waruguru, mchungaji, na waliofanya kazi na marehemu, walioko hapa kwa kujulikana na walioko hapa kwa namna nyingine. Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mjukuu mmoja, na ametanguliwa na mwanawe, ambaye mama yake ameomba nimsomee upya, kwa kuwa mara ya kwanza sikumaliza.

Koplo Nzivo Mutie alizaliwa Pumwani, tarehe 2 Mei 1986, akafariki tarehe 23 Agosti 2014, mahali panapojulikana na mama yake.

Shemeji, pumzika sasa.