Afande Kijiko na Mfuko Uliolambwa

Wasikilizaji wapendwa, hapa mezani kwangu studio kuna mfuko mmoja. Rangi yake ni ya majani makavu na unaenea kwenye kiganja. Hauna picha ya mtoto anayecheka, hauna jina la duka. Ndani yake kuna nyama na maharage, chakula cha askari aliyeko porini. Nimeuweka hapa makusudi. Msiniulize kwa nini, tutafika huko.

Mwanamke aliyekuwa akitia sahihi juu ya chakula hiki ametutoka Alhamisi iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: ametutoka Alhamisi, miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo, alikuwa mwonjaji mkuu katika kiwanda cha chakula cha jeshi. Askari walimwita Afande Kijiko, ingawa hakuvaa gwanda hata siku moja. Alikuwa raia, mpishi, mama wa binti mmoja. Kijiko chenyewe alikifunga kwa kamba kwenye aproni, na ole wako ukikiazima!

Na maisha yake yote, wapendwa, mama huyu alitafuta neno moja kutoka kwa mtu mmoja. Neno lenyewe ni "kitamu". Mtu mwenyewe ni mdogo wake.

Alianza kama mpishi wa kawaida kambini. Kiwanda kilipofunguliwa nyuma ya bohari, wakatafuta watu wenye ulimi mwepesi. Yeye alikuwa akionja maharage na kukwambia yamelowekwa saa ngapi. Saa ngapi, wasikilizaji! Wakamchukua siku hiyo hiyo. Ana miaka ishirini na minane, na ana furaha ya kuweza kuruka ukuta.

Chumba cha kuonjea kilikuwa safi kama zahanati. Meza nyeupe, viti sita, glasi sita za maji. Mfuko unatoka kwenye maji ya moto, unafunguliwa, mvuke unapanda, wanaonja. Shehena ya kwanza ya nyama na maharage ikapata alama za juu kabisa, na Afande Kijiko akatia sahihi kwa mkono wake. Mifuko ikapakiwa ikapelekwa milimani, kwenye mazoezi ya siku kumi na moja. Na huko milimani, mmoja wa askari alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Enzi hizo alikuwa koplo, na hata leo wote wanamwita Koplo.

Koplo alirudi suruali imefungwa kwa kamba ya kiatu. Dada mtu akamrukia mlangoni. "Umekionja? Umekionja? Mimi ndiye niliyetia sahihi!"

Koplo akamtazama. "Dada," akasema, "tulikichimbia shimo."

Huko milimani palikuwa na baridi kali, na moto ulikatazwa ili adui wa mazoezi asione moshi. Mifuko ililiwa baridi. Mafuta ya ng'ombe yaliganda meupe, yakanata kwenye kaakaa kama mshumaa. Chumvi iliyosikika vizuri chakula kikiwa cha moto haikusikika kabisa kilipopoa. Vijana wakaona bora njaa. Wakachimba shimo, wakafukia chakula cha siku tisa, wakaendelea kutembea matumbo matupu. Wawili walianguka njiani wakabebwa.

Afande Kijiko hakubisha. Alikwenda kabatini, akatoa mfuko wa shehena ile ile, akaufungua baridi, akala amesimama kwenye sinki. Tonge la pili halikupita. "Maskini mimi," akasema, "nimewalisha watoto wa watu mshumaa." Akalia palepale, aproni usoni, na Koplo akabaki amesimama hajui afanye nini na mikono yake.

Lakini kesho yake! Kesho yake aliingia kiwandani kama upepo. Akatoa viti vyote sita nje. Akatangaza: kuanzia leo, hapa haonji mtu aliyekaa, na haonji mtu chakula cha moto. Kila mwonjaji abebe begi la kilo kumi na tano, azunguke uzio wa kiwanda mara kumi na moja, kisha ale mfuko uliotoka kwenye friji. Mkemia wa maabara akashika kichwa. "Mama, hapa tunapima ladha, hatupimi misuli!"

"Basi wewe anza," akamjibu. "Begi lile pale."

Na mkemia akazunguka, wasikilizaji! Huku ananung'unika, lakini akazunguka.

Nyumbani nako hapakukalika. Binti yake aliniambia hivi, nanukuu: "Miaka mitatu tulikula baridi. Mama anapika, kinanukia mtaa mzima, halafu anasema, subirini kipoe. Wageni waliacha kuja saa za chakula." Alikuwa anacheka aliponiambia, halafu akajifuta macho.

Kuna jambo jingine alilolianzisha, na ndilo ninalotaka mlikumbuke. Alidai mifuko mitupu irudishwe kutoka porini. Fomu za maoni hakuziamini, kwa sababu askari akiulizwa na mkubwa wake atasema chakula ni kizuri. Basi magunia ya mifuko yakawa yanarudi, yananuka, na yeye anachungulia mmoja mmoja kama daktari wa masikio. Mfuko uliolambwa aliuweka kulia. Ulioachwa nusu, katikati. Ambao haukuguswa, kushoto, na kundi hilo aliliita "shimo". Pale kiwandani, hadi leo, chakula kibaya hakiitwi kibaya. Kinaitwa shimo.

Sasa njooni kwenye siku ya kanali. Yapo malori sita yamepakiwa mapishi mapya ya nyama na maharage, injini zinanguruma. Kinachokosekana ni sahihi moja, na Afande Kijiko amegoma. Ameandika shimo. Kanali wa ugavi akaja mwenyewe, amevimba.

"Mama, chakula hiki nimekila jana. Kizuri sana!"

"Umekila wapi, afande?"

"Ofisini."

"Cha moto?"

"Cha moto, ndiyo."

"Umekaa?"

"Sasa ningesimama kwa nini?"

Mama wa watu akainama. Akachukua begi la kilo kumi na tano, akamvika kanali mgongoni, akamfungia na mikanda. Kiwanda kizima kikatoka nje. Wapakiaji wameacha maboksi, madereva wamepanda juu ya malori waone vizuri. Kanali ameshaona watu wanamtazama, atarudi nyuma vipi? Akavua kofia, akaanza. Raundi ya kwanza anatembea kifua mbele. Ya tano, shati limelowa. Ya nane watu wameanza kumhesabia kwa sauti, na Afande Kijiko anatembea pembeni yake na begi lake mwenyewe, hahemi! Raundi ya kumi na moja, akapewa mfuko wa baridi na kijiko.

Kanali akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akameza kwa shida, akarudisha kijiko, akawageukia madereva. "Zimeni injini," akasema. "Shusheni."

Weee! Mnasikia hizo kelele? Mimi nazisikia mpaka leo, na sikuwepo!

Walitoa mafuta ya ng'ombe, wakatia mafuta ya mbegu yasiyoganda. Wakaongeza chumvi, tangawizi na maji ya ndimu. Maharage yakalowekwa usiku kucha. Mazoezi yaliyofuata, magunia yakarudi, na mifuko ilikuwa imepasuliwa kwa kisu pembeni, ili ulimi ufike kwenye kona. Afande Kijiko alicheza pale bohari mpaka kijiko kikakatika kamba.

Akambebea mfuko mmoja mdogo wake. Koplo akaingia nao chumbani, akafunga mlango, akatoka. "Vipi?" "Kinalika." Akaenda kutupa mfuko mwenyewe.

Kinalika! Miaka ikapita, na kila mapishi mapya alimpelekea. Kuku na wali: kinalika. Dengu: kinalika. Samaki wa nyanya: kinalika. Kila mara mlango umefungwa, na kila mara mfuko mtupu anautupa mwenyewe, mtu asiuguse. Afande Kijiko alistaafu kwa sherehe na hotuba, na hakujali hotuba. "Hata yule jiwe, mjomba wako, hakusema kitu," alimwambia binti yake.

Mwezi uliopita ulimi wake ulishachoka. Alikuwa kitandani, hasikii tena chumvi wala sukari. Akamwomba Koplo afungue mfuko wa nyama na maharage ale mbele yake, yeye apate harufu tu. Safari hii hakukuwa na mlango wa kufunga. Koplo akampa mgongo, akageukia dirisha, akala. Alipomaliza akainuka aende kutupa.

"Lete," dada akasema.

"Dada, ni uchafu tu huu."

"Lete hapa, wewe mtoto."

Akaletewa. Akachungulia kama zamani. Mfuko ulikuwa umepasuliwa pembeni kwa kisu, na kona zote zimelambwa. Alicheka, wasikilizaji! Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Mfuko ule aliuweka chini ya mto, na ulikuwa pale hiyo Alhamisi.

Nilikwenda kwa Koplo. Nikamuuliza, mzee wangu, kwa nini miaka yote hiyo? Akajibu: "Nilijua siku nikisema kitamu, ataacha kuhangaika. Na kulikuwa na vijana bado wako porini wanakula. Alipostaafu, ikawa aibu. Utaanzaje?" Nikamsogezea kinasa sauti, nikamwomba alitamke sasa. Akakitazama kile kinasa. Kisha akasema: "Dada, kilikuwa kitamu. Tangu kile cha ndimu. Haya, umeridhika? Zima hiyo mashine yako."

Koplo, pole sana. Binti wa marehemu, pole, na wajukuu wote. Poleni waonjaji mnaozunguka uzio ule hadi leo. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu anayekupikia, na pengine mwaka wa ishirini huu anasubiri. Fikiria umemwambia nini mara ya mwisho ulipoinuka mezani. Leo mwambie.

Sasa ule mfuko wangu. Nimesimama, na ulikuwa kwenye friji tangu asubuhi. Mlisikia nilivyokuwa nikizungumza na kunyamaza, mkadhani ni huzuni, kumbe nilikuwa natafuna. Fundi mitambo, chungulia humu, uwaambie wasikilizaji umeona nini.

"Hamna kitu. Amepasua, amelamba mpaka kona."