Nani Ataulinda Moshi

Gatini, ubavuni mwa duka la kisiwa kimoja cha bahari ya kaskazini, lipo benchi ambalo watu wote huliita Benchi la Uongo, na wenye kulikalia hawaoni kosa. Asubuhi hiyo ilifika meli yenye moshi wa viwanda vya saruji, umegandamizwa ukawa maji, uende kuzikwa chini ya bahari. Arnvid, aliyeitwa Keekee kwa kutoboa visima vya mafuta miaka thelathini na moja, hakuwa na raha. Binti yake Eldrid alikuwa amepewa kazi kwenye mradi huo wa moshi, na alikuwa anakuja na basi la saa nne kumwambia kama atarudi nyumbani au atabaki mjini Trondheim.

— Leo nawaomba, msimtishe mtoto wangu.

— Nani wa kumtisha? alisema Borghild, tarishi mstaafu, akimimina kahawa. Ila nasikia samaki wataanza kubeua kama waliokunywa soda.

— Moshi unashuka kilomita mbili na zaidi. Samaki gani anaishi ndani ya mwamba?

— Wewe Keekee ulikuwa unatoa mafuta. Kurudisha hujawahi.

Hallstein, aliyekuwa diwani muhula mmoja na hajapona mpaka leo, alikohoa kwanza.

— Biashara hii ni kama ya chupa za soda. Tuliwauzia Ulaya zimejaa mafuta, sasa wanaturudishia tupu, na wanatulipa kuzipokea. Huko chini kukishajaa, kisiwa kitainuka. Mimi nitaiona Shetland, ng'ambo ya bahari, kwa dirisha la jikoni.

— Utaiona kwa macho gani? alisema Borghild. Miwani yenyewe umeikalia.

Hallstein akainuka kidogo, akaitoa.

Basi likaja. Eldrid akashuka na kikapu chenye kifuniko, akawasalimu, akajibana katikati yao na kupokea kikombe.

— Kuna jambo sikuliona kwenye mkataba, alisema. Huo moshi ukishazikwa, nani ataulinda?

— Kampuni, alijibu Hallstein.

— Ikifungwa?

— Serikali. Sheria imesema.

— Na hela ya serikali si ya mafuta? Siku tukiacha kuyauza, itaulinda kwa hela gani?

Hallstein alitikisa chupa ya kahawa. Ilikuwa tupu. Borghild akaichukua, akaipindua juu ya kikombe chake. Arnvid aliona kazi hiyo imeshakataliwa.

Ndani ya kikapu kukasikika nyau.

Arnvid akafunua kifuniko, akatazamana na paka wa Eldrid. Hakuna aendaye na paka kutembea siku mbili.

— Kwa hiyo hujui nani ataulinda, alisema polepole.

— Sijui, baba. Ila Jumatatu naanza kuulinda mimi.