Mama Latifa Sefu na Msimu wa Madume

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Latifa Sefu anakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na moja ya kuhudumia ng'ombe na wenye ng'ombe wa Kasongo na Kabambare. Chama chetu cha wafugaji kimenipa mimi, Joël wa stoo ya dawa, kazi ya kuandika habari zake. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu amenigombeza kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo ninamjua.

Alizaliwa Kasongo mjini, katika ukoo wa wauza vitambaa. Nyumbani walitarajia akae dukani. Yeye akaenda kusomea mifugo, akarudi na viatu vya mpira, na mwaka 1994 akaanza kazi ya kuchanja. Vita vilipokuja, karibu ng'ombe wote wa eneo hili waliisha. Amani iliporudi, yeye na wenzake wachache walianza upya kwa mitamba walioletwa kwa miguu kutoka mbali. Utaratibu wao ndio tunaoufuata hadi leo: familia inapewa mtamba mmoja, na jike wa kwanza atakayezaliwa anakwenda kwa familia nyingine inayongoja.

Shida ilikuwa ndama. Madume walikaa na majike mwaka mzima, na ndama walizaliwa wakati wowote. Waliozaliwa Julai na Agosti walikuta majani yamekauka na mama zao wamebaki mbavu tupu. Wengi walikufa, na mama aliyekonda hivyo alichelewa sana kushika mimba nyingine. Mwaka 2009 Mama Latifa alisimama mkutanoni akapendekeza madume watengwe, wapelekwe kwa majike Januari hadi mwisho wa Machi tu, ili ndama waanze kuzaliwa Oktoba, mvua zikiwa zimerudi. Wanaume walicheka sana. Mmoja alitaka kujua kama madume watalipwa likizo hiyo. Mama Latifa alimjibu kwamba watalipwa, na kwamba yeye muulizaji ndiye atakayewajengea zizi. Na kweli alilijenga.

Msimu ulitufaa. Ndama waliosimama na kukua waliongezeka, na majani mapya yaliwarudishia mama zao nguvu. Lakini haukuwa wa bure, na Mama Latifa hakulificha hilo. Dume anayetengwa miezi tisa anataka zizi lake, mchungaji wake na chumvi yake. Jike asiyeshika mimba ndani ya msimu anakula na kutibiwa ugonjwa wa mbung'o mwaka mzima bila kuzaa. Kwa hiyo aliweka sharti: jike akitoka mtupu misimu miwili mfululizo, anauzwa, na chama kinanunua mtamba kwa ajili ya familia nyingine.

Sharti hilo alilisimamia kwa macho makavu. Katika miezi ya msimu hakuonekana mjini. Alikuwa nyuma ya pikipiki ya Chadrack, dereva wetu, na sanduku la chanjo mapajani. Penye matope alishuka, akajifunga kitenge vizuri, akasukuma pikipiki, kisha akamgombeza Chadrack kwa kuchagua njia mbaya, ingawa njia ni hiyo hiyo moja. Ndugu zake walijifunza kutopanga harusi kabla ya kuuliza madume wako wapi.

Mwaka 2016 sharti lake lilimgeukia. Dume wetu mmoja, tuliyemwita Komanda, alikuwa na safari ya vituo vitatu: Januari Kasongo, Februari Lusangi, Machi katika kijiji kilicho mbele ya Kabambare, upande wa Salamabila. Wenyeji wa Lusangi wanajua kukaribisha mgeni. Kila Bruno, mchungaji wa Komanda, alipotaka kuondoka, aliwekewa fufu na kuku, akaambiwa asiwavunjie heshima, angoje kesho. Komanda naye alipewa chumvi na majani mabichi, na kila siku aliletewa jike mwingine. Walipofika kijiji cha tatu, Machi ilikuwa inakwisha.

Huko alikuwepo Pascaline, mjane mwenye watoto wanne na jike mmoja tu. Jike huyo alikuwa ametoka mtupu msimu uliopita. Msimu wa pili ukifungwa hivyo, atauzwa, na Pascaline atarudi kuwa mtu asiye na ng'ombe. Mama Latifa alifika kumchukua dume kama kalenda ilivyosema. Chadrack ndiye aliyetusimulia. Pascaline hakulia wala hakubembeleza.

"Mama, ngombe yangu haina kosa," alisema. "Ilingoya dume, dume haikukuya."

Mama Latifa alimgeukia Bruno, akamwambia afungue mizigo.

"Dume ibaki hapa mwezi muzima. Mukutano nitaujibu mimi."

Mkutano ulimwakia kweli. Wengine walisema msimu ukifunguliwa kwa mmoja, kesho utafunguliwa kwa wote, na tutarudi kuzika ndama wa Julai. Nami nilikuwa upande huo. Mama Latifa alikubali kwamba sharti ni lake, na kwamba aliliweka bila kufikiria njia zetu. Aliomba msimu wa kila kijiji uhesabiwe tangu siku dume anapofika. Alishinda kwa kura chache. Chumvi na posho ya mchungaji kwa mwezi ule vilitoka kwa watu wa Lusangi, ambao walilipa wakicheka, wakamwalika Bruno tena.

Januari iliyofuata jike wa Pascaline alizaa ndama jike, mdogo lakini mwenye kelele. Alipoachishwa ziwa, Pascaline alimfunga kamba, akampeleka mwenyewe kwa familia iliyokuwa ikingoja.

Mwezi uliopita tulipiga kura ya nani atapanga safari za madume baada ya Mama Latifa. Yeye alimtaka Blaise, ambaye amesoma, na alisema hivyo waziwazi. Wanachama wakamchagua Pascaline. Tulimwomba aseme neno, nasi tukajiandaa kusikia shukrani ndefu.

"Miaka yote dume inaanzia Kasongo," alisema. "Mwaka kesho itaanzia kwa watu wa mbali. Wa karibu watangoya."

Sisi wa Kasongo tulitazamana. Mkono wa kwanza kuinuka kuunga mkono ulikuwa wa Mama Latifa, na aliuacha juu, akilia bila kujificha, mpaka na sisi tulipoinua yetu.

Asante, Mama, kwa kazi yako yote. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu na uzee wenye amani.